Ng'ombe wa Kule

Baba yangu alikuwa karani wa bohari moja karibu na bandari ya Goma, na tangu nimjue hakuwahi kula chakula cha jioni bila redio. Redio ilipokufa, fundi wa mtaa wetu wa Mabanga aliifungua, akaichungulia kama daktari anayetazama koo la mgonjwa, akasema kifaa kinachotakiwa hakipatikani tena hata Kampala. Jioni hiyo, tulipomaliza rozari, baba alivuta kiti chake hadi kwenye pembe ya redio, akakohoa, akaanza kutusomea habari mwenyewe. Hakuwa na karatasi mkononi. Na nchi aliyotusomea habari zake haikuwapo.

Tuliiita Kule. Ilikuwa nchi ya vilima tu, kilima kimepanda mgongo wa kilima, hata mahali pa kuanika maharage yasiteremke yenyewe hapakuwapo. Ilikuwa na falme mbili, ya malkia upande wa mashariki na ya mfalme upande wa magharibi, na mpaka wake ulikuwa jiwe moja. Mlinzi wa jiwe hilo aliogopa wezi, kwa hiyo kila jioni alilibeba kichwani akaenda kulala nalo, na popote alipolala ndipo mpaka ulipopita hadi asubuhi. Alipooa ng'ambo ya bonde na kuhamia kwa wakwe zake, parokia nzima ilibadilisha nchi bila mtu kukunja hata mkeka. Watu waliamka wakiwa wageni katika jiko lao wenyewe. Kulikuwa na ushuru wa kivuli: kilima kirefu kilichowazibia wengine jua la asubuhi kiliwalipa maharage, na jioni, kivuli kilipogeuka, maharage yaleyale yalirudi. Kwenye njia panda walisimama korongo wa kichwa cha dhahabu, kwa mguu mmoja, wakiwauliza mbuzi karatasi zao.

Mama alikuwa akichambua mboga za lengalenga wakati wa habari. Siku ya mlinzi wa jiwe aliuliza, bila kuinua macho, kama huyo mlinzi alikuwa amefunga ndoa ya kanisani.

“Katekista wa huko anashugulikia,” baba alijibu. Kisha akaendelea na hali ya hewa.

Vilima hivyo alivichukua kwangu. Mimi nilimaliza shule ya sekondari, nikapata diploma yangu, nikaitundika ukutani, na tangu hapo sijaweza kukaa mahali pamoja mpaka kiti kipate joto. Nimeuza vitenge kwenye barabara ya Rutshuru, nimewapikia watu waliokuwa wakijenga daraja, nimelala kwenye vibanda vya mipakani ambako asubuhi unanunua chai kwa fedha moja na unarudishiwa chenji kwa nyingine. Kila Jumapili nilimpigia baba simu, na hakuniuliza kama nimekula. Aliuliza, “Vilima vya huko vinakaa namna gani?” Nilimweleza, naye alinyamaza upande wake. Sikujua kwamba alikuwa akivihifadhi.

Nilirudi nyumbani, wiki chache kabla redio haijafa, kwa sababu ya mguu. Ulivimba, ukakataa kiatu, na mama akasema mguu una akili kuliko mwenyewe. Ndiyo maana nilikuwapo, nimekaa nje nikiuloweka kwenye beseni la maji ya chumvi, wakati mambo ya ng'ombe yalipoanza.

Nyumba za Mabanga ni za mbao, na ubao hauna siri. Ukipiga chafya, jirani anakuombea baraka. Kwa hiyo habari za baba zilisikika kwa majirani tangu jioni ya kwanza, na baada ya muda wakaona upuuzi kusikiliza kupitia ukutani wakati ua uko wazi. Wakaja na vigoda vyao, wakakaa juu ya mawe meusi ya volkano tuliyokuwa hatujafanikiwa kuyavunja. Walicheka mahali pa kucheka. Wengine waliuliza maswali kuhusu bei ya viazi huko.

Mmoja hakucheka. Alikuwa mzee wa vilima vya Masisi, mfugaji, aliyekuja Goma akikimbia vita na kupanga chumba nyuma ya nyumba yetu. Katika mali yake yote alifika na fimbo yake ya kuchungia na mwanawe mmoja. Mwanawe alitengeneza chukudu katika mtaa wa Ndosho, zile baiskeli za mbao zinazobeba magunia. Fimbo ilikaa kati ya magoti ya mzee, haina wa kumchunga. Mzee huyo alikuwa na kiburi na alikasirika upesi. Baba aliposema kwamba majani ya Kule yanafika kiunoni, alimkatiza.

“Majani ya kufika kiunoni, ng'ombe haipendi. Inapenda ya kufika hapa.” Akaonyesha kwenye kifundo cha mguu, juu kidogo.

“Ng'ombe za huko ni ndefu,” baba alisema.

Mzee alifikiri, akakubali.

Basi jioni moja habari zilisema kwamba malkia wa mashariki amechoka kupoteza ng'ombe katika majani hayo, na ameamua kuwagawa. Baba alitaja waliopata: mlinzi wa jiwe, mjane wa kilima cha saba, korongo mmoja mstaafu. Watu walikuwa wakicheka. Baba akaona fimbo ile katikati ya magoti, na akaona hapa pana pahali pazuri pa kumalizia.

“Na jirani yetu mwenye tuko naye hapa,” alisema, “amepewa moja. Jike.”

Ua ulicheka kwa furaha. Mzee wa Masisi alisimama, akaweka fimbo chini, akapiga makofi taratibu, mikono imeinama kama mtu anayepokea maji, akasema maneno marefu ya lugha ya kwao ambayo baba, mtu wa upande wa Bukavu, mtoto wa makarani, hakuelewa hata moja. Baba alidhani jirani anaingia kwenye mchezo. Alifurahi. Alipiga makofi pia.

Asubuhi mzee alikuja amevaa koti, mwanawe nyuma yake amebeba bidon iliyojaa kasiksi, pombe ya ndizi. Alikuja kushukuru. Kwao, ng'ombe aliyetolewa kwa mdomo mbele ya watu ametolewa. Hahitaji kamba wala kwato. Aliyepewa huja na pombe, wanakunywa pamoja, na tangu hapo ni ndugu kwa ajili ya ng'ombe huyo; anayerudi nyuma baada ya hapo hana tofauti na mtu aliyemvua mwenzake nguo sokoni. Hayo yote alitueleza mwanawe kwa aibu, akitazama bidon. Baba alikwisha kunywa kikombe cha kwanza.

“Huyu muzee hachezi,” mama alisema baadaye.

“Ni mutu wa heshima,” baba alisema. “Anajua kuchekesha.”

Jioni hiyo, kabla habari hazijaanza, mzee aliuliza ng'ombe wake ameamkaje.

Ndivyo habari za Kule zilivyobadilika. Hapo mwanzo baba alikuwa na falme mbili za kutawala; sasa alikuwa na ng'ombe mmoja wa kutunza, na ng'ombe mmoja ni kazi kuliko falme. Mzee alitaka kujua rangi. Baba alisema mweusi, mwenye alama nyeupe kwenye paji. Alitaka kujua pembe. Baba, ambaye maishani mwake aliwaona ng'ombe kwenye ndoano za bucha tu, alisema anazo.

“Najua iko nazo. Zimeelekea wapi?”

“Juu,” baba alisema.

Mzee aliridhika, maana pembe za kwao huelekea juu. Alimpa ng'ombe jina, akamnong'oneza baba sikioni, na kwa kuwa ni jina la watu wawili silisemi hapa. Siku moja alikuta baba ameanza habari na vita vya korongo kabla ya kumtaja ng'ombe, akanuna, akageuza kigoda chake kikatazama ukuta. Baba alilazimika kukatiza vita.

Ingeweza kuendelea hivyo, na hakuna ambaye angeumia. Lakini mwana wa mzee alikuwa amepata mchumba. Msichana alikuwa wa Ndosho, aliuza samaki sambaza karibu na kibanda cha chukudu, na wazazi wake pia walikuwa wametoka vilima vya Masisi. Baba yake alikwisha kufariki, kwa hiyo aliyesema juu yake ni baba yake mdogo, mzee mwingine mwenye fimbo isiyo na ng'ombe. Huyo baba mdogo alitaka ng'ombe mmoja tu, wa heshima. Alijua hakuna awezaye kumleta Goma. Barabara za kwao hufungwa na kufunguliwa kama mlango wenye bawaba mbovu. Lakini alitaka ng'ombe awepo mahali fulani, ajulikane. Kijana hakuwa na ng'ombe mahali popote, wala mzee wake, na uchumba ulikuwa umekwama hapo tangu mvua iliyopita. Sasa mwuza viazi mmoja wa Rutshuru, mtu mwenye ng'ombe wanaoonekana kwa macho, alikuwa ameanza kutuma salamu kwa baba mdogo. Jumamosi ya wiki hiyo ilikuwa siku ya mwisho. Ng'ombe asipotajwa, msichana angekwenda Rutshuru.

Mzee alikuja kwa baba akiwa na koti lake tena.

“Ile ng'ombe uliyonipa,” alisema, “nataka kuitoa juu ya mutoto wangu. Ng'ombe ya kupewa haitolewi bila mwenye kuipa kujua. Nimekuja kuomba ruhusa.”

Baba alisema atafikiri. Mzee alipoondoka, baba alikaa kwenye pembe ya redio kimya, kama redio.

“Mwambie ukweli,” mama alisema.

“Nimwambie nini? Kwamba nilimupa kisha sikumupa? Tumekunywa kasiksi yake.”

“Wewe umekunywa.”

“Na ameshaambia wale wa Ndosho. Nikisema haiko, yeye ndiye muongo mbele yao, si mimi. Mutoto wake anapoteza bibi.”

“Na ukisema iko?”

Mama alimwuliza atamwambia nini padri. Baba alisema padri hajauliza habari za ng'ombe.

Alipata wazo ambalo aliliona safi. Jioni ile alisoma habari kwa sauti ya chini: ugonjwa umeingia vilima vya mashariki, homa kali, na miongoni mwa ng'ombe walioanguka yumo wa jirani yetu. Hali yake ni mbaya. Alikusudia kumwua kwa heshima kesho yake, na kwa kuwa aliyefiwa na ng'ombe haonwi mwongo, wale wa Ndosho wangesema pole na kuongeza muda. Aliponieleza baadaye aliona hata mwuza viazi angeona haya.

Mzee alisimama kabla habari hazijaisha. Alitoka mbio, mtu wa miaka ile, akapotea kati ya nyumba. Aliporudi alikuwa na fungu la majani machungu kifuani, yale wanayowanyweshea mifugo, na mikono imekwaruzwa na mawe. Alikuwa amekwenda kuyakata kwenye ua wa kanisa, ambako palikuwa na kichaka kimoja.

“Haya yatwangwe na maji ya vuguvugu,” alimwambia baba. “Ipewe leo. Ikipewa kesho imekwisha. Ukipata gari ya kwanza, tuma.” Alimnyooshea baba fungu lile. “Tafazali, ndugu yangu.”

Hakuna aliyecheka. Baba alimtazama, akayatazama majani, akakohoa kama anavyokohoa kabla ya habari.

“Tumepata sasa hivi habari ingine,” alisema. “Imekunywa dawa. Imesimama.”

“Dawa gani? Hii iko hapa kwangu.”

“Hata kule iko. Inaota penye mpaka.”

Mzee alikaa chini. Alifuta uso kwa kofia. “Wamuchunge isilale upande wa kushoto,” alisema.

“Wanamuchunga,” baba alisema, na usiku huo hakula.

Nilijaribu mimi. Asubuhi nilikuwa nje na beseni langu, mzee akapita, nikamwita. Nilimwambia kwa upole, kwa lugha ya mtoto kwa mzazi, kwamba ile nchi haiko. Baba ameiunda kwa maneno, na baadhi ya maneno ni yangu.

Aliegemea fimbo akaniangalia mguu.

“Na Masisi kwetu iko?” aliuliza.

“Iko, muzee.”

“Ulifika mwaka huu?”

“Hapana. Njia imefungwa.”

“Mimi pia sijafika. Wewe umefika kule kwa baba yako?”

Nilisema siwezi kufika mahali pasipokuwapo.

“Basi zote mbili hatujafika,” alisema. “Lakini ya kwetu haitoi habari. Hii inatoa kila jioni.” Akageuka kwenda zake, kisha akarudi hatua chache. “Maji yako yamepoa. Mguu unataka ya moto.”

Hivyo baba alitoa ruhusa. Jumamosi tulikwenda Ndosho kwa pikipiki, baba katika suti yake ya ukarani, mzee katika koti, na mimi kwa sababu mama alikataa kwenda kushuhudia. Nilikuwa nimeahidiwa kwamba kazi yangu itakuwa kukaa na kunywa fanta.

Walitupokea katika chumba cha mbele, viti vya plastiki vimeazimwa kwa majirani. Baba mdogo wa msichana alikuwa mfupi, macho mekundu ya mtu anayepika kwa kuni mbichi. Mzee wetu alisimama akamsifu ng'ombe. Sikujua kwamba ana sauti ile. Alimsifu kwa lugha ya kwao, jinsi wanavyowasifu ng'ombe, akipandisha mikono kama pembe, na ingawa sikuelewa, nilimwona akitembea kwenye majani ya kufika kifundo cha mguu, juu kidogo. Alipokaa, wale wa upande wa pili walinung'unika kwa kukubali.

Baba mdogo aliwaacha wamalize.

“Maneno ni mazuri,” alisema kwa Kiswahili, ili baba yangu asikie. “Tunajua mambo ya barabara. Hatusemi mulete leo. Lakini maneno peke yake, hata huyu wa viazi anaweza kuleta. Nani amemuona ng'ombe kwa macho?”

Mzee wetu alimtazama baba. Baba alitazama viatu vyake. Kwa kuongopa, akiwa kwenye pembe ya redio alikuwa mfalme. Hapa alikuwa karani, na karani hatilii sahihi mzigo ambao hakuupokea. Aliinua kidole, nikadhani anakiri.

“Binti yangu,” alisema. “Yeye ndiye mutu wa kutembea. Vilima vyote vya kule, ni yeye alivileta.”

Na hilo lilikuwa kweli, ndilo lililonikasirisha.

“Mwanamuke ashuhudie ng'ombe?” mmoja alisema kutoka nyuma.

“Aliiona kwa macho,” mzee wetu alijibu. “Haikuombwa aione kwa ndevu.”

Walicheka, na nilijikuta nimesimama, fanta mkononi, mguu mmoja ndani ya kiatu na mwingine ndani ya ndara ya mama. Kijana wa chukudu alikuwa amekaa karibu na mlango. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho. Msichana wake alisimama nje ya dirisha, nilimwona nusu ya uso. Niliwatazama, nikasema nimemwona. Mweusi, alama nyeupe kwenye paji, pembe juu.

“Anatoa maziwa?” baba mdogo aliuliza.

“Anatoa, muzee.”

“Nani anakamua?”

“Mimi mwenyewe nilikamua siku moja,” nilisema, nikiona kwamba hilo litanipa uzito.

Baba mdogo aliweka kikombe chini. Mzee wetu alifumba macho. Nilikuwa nimesahau, au sikuwahi kujua vizuri, kwamba kwao mwanamke hakamui ng'ombe. Ni mwiko unaojulikana na mtoto wa kunyonya.

“Ni nchi gani,” baba mdogo aliuliza taratibu, “ambako wanawake wanakamua?”

“Ni ya mpakani, papa,” nilisema. “Wanaume wote wanashinda kwenye bariyeri, kwenye mustari. Wanatoka asubuhi, wanarudi giza. Mtu akisema atangoja mwanaume, ng'ombe itapasuka.”

Nilimwona akilitafakari. Alikuwa mtu wa Goma sasa. Foleni za bariyeri ya mpaka alizijua. Nyuma mtu alisema, “Ni vile,” kwa sauti ya uchovu, na mwingine akasema hata hapa tutafika huko.

Baba mdogo aliinuka, akavuta kigoda chake hadi mbele yangu, akakaa karibu sana. Sauti yake ilishuka hata nikalazimika kuinama.

“Ulipokuwa huko,” alisema, “hukuonaka moja ya rangi ya asali? Kubwa. Sikio la kuume limepasuka, kama hivi.” Alijishika sikio. “Walipochukua zangu, walizipeleka upande wa vilima vya mpaka. Hakuna mutu anajua zilifika wapi. Nimeuliza wenye malori, nimeuliza askari. Huenda zilipita kule.”

Katika chumba kile hapakuwa tena na mwuza viazi wala posa. Alikuwa akiningoja. Niliona kwamba nikisema ndiyo, ndoa imefungwa papo hapo. Angenipa hata mtoto mwingine. Kijana wa chukudu mlangoni alikuwa akiniomba kwa macho. Baba yangu alikuwa akiniomba kwa macho. Neno lilikuwa mdomoni, na halikuwa na tofauti na mengine niliyokwisha kuyasema.

Sikuweza. Ng'ombe mweusi hakuna mtu aliyempoteza. Huyu wa asali alikuwa na sikio.

“Hapana, papa,” nilisema. “Huyo sikumwona.”

“Ulitazama vizuri?”

“Nilitazama. Lakini sikufika kila kilima.”

Kisha alirudisha kigoda mahali pake, akawageukia ndugu zake, wakasemezana kwa lugha yao kwa muda. Baba yangu aliniuliza kwa kunong'ona kwa nini sikusema ndiyo, neno fupi namna ile. Mzee wetu alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili. Niliketi. Fanta ilikuwa imepoteza gesi.

Baba mdogo alisimama.

“Huyu mama si muongo,” alisema. “Muongo angesema ameiona yangu. Kama anasema ile ingine aliiona, iko.” Akampa mzee wetu mkono. “Tumepokea. Abaki hukohuko kwenye majani, alelewe. Yule wa viazi tutamurudishia salamu zake.”

Wanawake walipiga vigelegele nyuma ya ukuta kabla hajamaliza. Nimesema ubao hauna siri. Kijana alitoka nje akainama kama anayetafuta kitu kilichoanguka, akakaa hivyo. Baba alinishika bega, sijui kwa furaha au kwa kufikiria kitubio.

Lakini baba mdogo alikuwa hajakaa. Kwao, waliopokea ng'ombe hawamruhusu binti aende mikono mitupu. Siku moja hurudisha jike kwa nyumba mpya, ili isiwe kama wamemwuza mtoto. Alisema hilo pia litafanyika leo, kwa mdomo, mbele ya watu hawahawa.

“Ile yangu ya rangi ya asali,” alisema. “Nawapa watoto. Mutu akiiona, ni yao.”

Mzee wetu alisimama, akaweka fimbo chini, akampigia makofi ya shukrani, mikono imeinama.

Walioana kanisani, wanakaa Ndosho katika chumba kimoja chenye harufu ya msonobari na samaki. Bibi harusi huwaambia wateja wake kwamba yeye ni mke aliyeolewa kwa ng'ombe ambaye hata inzi hajawahi kutua juu yake, na bado bei ya sambaza hapunguzi. Baba anasoma habari hadi leo, na sasa wazee wawili wanakaa mbele, kila mmoja akidai wake atangulie.

Mguu ulipona, nami nikaondoka tena. Barabara ya Rutshuru ilikuwa imefunguliwa wiki hiyo. Nimekuwa na tabia mbaya njiani: kila kundi la ng'ombe likikatiza, nateremka kwenye pikipiki na kwenda kutazama masikio. Wachungaji hawapendi. Mmoja, juu ya kilima ambacho sijui jina lake, aliniuliza kama mimi ni wa serikali au ni mwizi. Nilimweleza: rangi ya asali, kubwa, sikio la kuume limepasuka.

Alifikiri, akasema hajamwona. Kisha akatazama pande zote, akanisogelea, akaniambia kwamba wake yeye ni mwekundu, mkia umekatika, na kama nitapita vilima vya mbele nimtazamie. Nilimwambia nitatazama. Dereva wa pikipiki alikuwa akipiga honi chini barabarani. Tangu siku hiyo natafuta wawili.